Upinde umegoma? Usiutupe bado

Kijana mmoja alipanda matatu ya asubuhi kutoka Kisumu akanifikia hapa Free Area, Nakuru, na gunia kwapani. Ndani ya gunia kulikuwa na upinde wa rikavu, ile aina ya kufungua vipande vitatu, urefu inchi 62, nguvu ya kuvuta pauni 30, katikati ni mbao. Binamu yake alikuja nao kutoka Marekani. Anasema ulipiga vizuri miezi kama mitatu hivi, halafu siku moja akaufungua akaufunga tena na hapo ndio vituko vilianza, mishale inaenda kushoto tu, inaruka mkia juu mkia chini kama samaki ametolewa majini, kamba inamchapa mkono mpaka kuna alama ya bluu karibu na kiwiko, na kila akiachilia unasikia paa! kama mlango wa matatu. "Fundi," akaniambia, "nadhani hii imekufa, kama mbao yake inaweza kukusaidia wewe chukua tu."

Mimi kazi yangu ni viti na makabati, si mipinde. Lakini nimekuwa nikipiga mishale kwa shamba la shemeji yangu kule Njoro miaka sita sasa, na kwa sababu niko na msasa, vaisi na subira kidogo watu wakikwama wananiletea. Na upinde wa huyu kijana haukuwa umekufa. Ulikuwa na makosa matatu na mawili hayakugharimu hata shilingi. Kwa hivyo naandika mpangilio wenye mimi hufuata, kutoka mwanzo, ndio mwenye ako na upinde umegoma asianze kufungua skrubu ovyo.

Kuhusu hiyo ya skrubu nisikilize vizuri juu mimi niliumia. Upinde wangu wa kwanza ulipoanza kutawanya mishale nilikaa mwezi mzima nikizungusha planja (majina ya vipande nayaeleza hapo chini), leo nusu mzunguko ndani, kesho robo nje, nikihama resti, nikilaumu upepo wa mchana, na shida yote ilikuwa kamba imevutika ikawa ndefu. Mwezi mzima! Siku hizi nina daftari ya msalani (usiulize), na sheria ni kwamba nabadilisha kitu kimoja, napiga mishale kumi na mbili, naandika, ndio naweza gusa kingine. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua ni kipi kilisaidia na ni kipi kiliharibu.

Tuelewane kwa majina kwanza. Kipande cha katikati chenye unashika ni raiza. Vile viwili vinavyopinda ni mikono, mkono wa juu na wa chini, na kwa rikavu ncha zake zinageuka kuelekea mbele, mbali na wewe, ndio maana ukiuangalia bila kamba unakaa kama umekasirika. Kamba yenyewe kwa Kiswahili cha kamusi ni upote, neno tamu sana lenye hakuna mtu hapa Nakuru analitumia, mimi nitalitumia. Noki ni ile pasua ya nyuma ya mshale inayokaa kwa upote, kigumba ni kichwa cha mbele, resti ni mahali mshale unalala, na planja ni kile kipini kidogo chenye springi kinachosukuma mshale kutoka upande. Si kila upinde una planja, mingi ya mbao inapigia tu kwenye bega la raiza lenyewe.

Hatua ya 1: kagua kabla ya kuvuta

Usivute upinde wa mtu, au wako uliolala stoo miezi sita, kabla ya kuukagua. Pauni 30 ni kama kilo 13 na nusu, na huo mzigo uko umbali wa shubiri moja kutoka macho yako.

Chukua pamba ya kawaida ya duka la dawa, ile ya shilingi hamsini, upitishe polepole juu ya mkono wa upinde, mbele, nyuma na pembeni. Jicho linadanganywa na vanishi lakini pamba haidanganyiki, mahali kuna faiba (zile nyuzi za fiberglass) imeinuka itanasa na kuacha nyuzi nyeupe. Hapo ndio unaangalia na tochi ya simu. Kama ni faiba moja ya ukingoni imeinuka kama kijiti cha kuchokoa meno, msasa laini wa namba 400 na tone dogo la supaglu linamaliza, acha ikauke usiku mzima, laini tena, paka vanishi. Kwa mikono mingi faiba imebandikwa nje na ndani kuna mbao nyembamba, kwa hivyo vaa maski ukipiga msasa, vumbi ya faiba ikiingia kooni utakohoa wiki.

Kisha tofautisha nyufa. Mistari myembamba inayokwenda na urefu wa mkono, hasa kwa mipinde ya zamani, mara nyingi ni rangi au uso tu na unaweza kuishi nayo ukiiwekea alama ya kalamu uone kama inakua. Ufa unaokata mkono kwa upana, hiyo ni habari ingine. Na mahali faiba imeachana na mbao ukibonyeza inafunguka na kufunga kama mdomo, hiyo hakuna gundi. Najua kuna watu wanamimina Araldite na kufunga na klampu na wanapiga tena, mimi nakataa, hata kwa pesa. Mkono ukipasuka ukiwa umevutwa vipande vinakuja usoni. Kwa upinde wa vipande vitatu unaagiza pea ya mikono mipya na raiza yako inaendelea kuishi, sasa unahatarisha jicho kwa nini.

Angalia ncha zote mbili, vile vifereji vya kushikia upote. Vikiwa vimekwaruzwa na kuwa na makali vitakata upote, laini na msasa ulioviringwa kwa penseli. Halafu bolti mbili za raiza, zikaze kwa mkono mpaka zisimame, basi. Usitumie spana kwa raiza ya mbao, utapasua mbao halafu uniletee mimi.

Na kitu kingine, ukishavalisha upote usivute na kuachilia bila mshale. Kamwe. Nguvu yote ya kusukuma mshale inarudi kwa mikono yenyewe, na hivyo ndivyo mipinde mingi inakufa, mgeni anakuja nyumbani anauliza "hii ni nini", anavuta, anaachilia hewani.

Hatua ya 2: mikono iko upande wake?

Hapa ndipo nilipompata kijana wa Kisumu. Mikono miwili inafanana lakini si sawa, kawaida ule wa chini ni mgumu kidogo kuliko wa juu. Kwa mipinde mingi yenye maandishi, ule mkono ulioandikwa pauni na inchi ndio wa chini. Wake ulikuwa juu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, upinde wako haujafa, umevaa viatu kinyume." Akacheka mpaka akakaa chini kwa vumbi ya randa.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kutegemea maandishi. Ukiwa umevalisha upote, pima kutoka mahali mkono unatokea kwa raiza mpaka kwa upote, pima juu, pima chini, rula ikiwa imesimama wima kwa upote. Tofauti ya hivyo vipimo wapigaji wanaiita tila. Kama unashika kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini, kipimo cha juu kinafaa kuzidi cha chini kidogo, nusu ya robo inchi mpaka robo inchi. Wake cha chini ndicho kilizidi kwa robo nzima. Ile mishale ya kuruka kama samaki, sehemu kubwa ilikuwa hapo. Tukabadilishana mikono, dakika tano, bure.

(Mipinde ya chuma yenye bolti za kurekebisha, tila unaiweka mwenyewe kwa alenki. Legeza au kaza robo mzunguko kwa wakati mmoja, na upote utoe kwanza.)

Hatua ya 3: upote

Ukiniuliza pesa yako ya kwanza iende wapi, iende hapa. Upote ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwa upinde na ndio unaharibu zaidi ya vyote.

Urefu. Upinde ukiandikwa inchi 62 upote wake si inchi 62, ni pungufu ya hapo kwa inchi 3 hivi, yaani kama 59 ukiwa umevutwa. Wa 66 unataka 63, wa 68 unataka 65. Ukiagiza mtandaoni soma vizuri, wengine wanaandika urefu wa upinde na wengine urefu wa upote wenyewe.

Aina. Upinde wa zamani au wa bei ya chini wenye ncha za mbao tupu unataka upote wa Dacron, ambao unavutika kidogo na kupunguza mshtuko. Nyuzi ngumu za kisasa zisizovutika zinafaa kwa ncha zilizoimarishwa tu, ukiziweka kwa ncha dhaifu zitaikata kama waya inavyokata sabuni. Kama hujui upinde wako ni wa aina gani weka Dacron, utapoteza kasi kidogo lakini utabaki na upinde. Kwa pauni 30 mpaka 35 nyuzi 12 zinatosha, kupita hapo mpaka 45 hivi weka 14.

Na tafadhali, ile nailoni ya kufunga mizigo, hapana. Hata uzi wa kuvulia wa plastiki wa pale Dunga, kwa wavuvi wa Kisumu, ule wa uzi mmoja unaong'aa, hapana. Unavutika kama mpira, pengo kati ya upote na mshiko linahama kila ukipiga, na hakuna kitu utatuni, yaani utarekebisha, hapo.

Lakini vitu vya wavuvi vina mahali pake! Katikati ya upote pale mshale unakaa na vidole vinashika pamezungushiwa uzi wa kulinda, na huo uzi unaisha haraka, unaanza kulegea na kuteleza. Kuubadilisha hakuhitaji kuagiza chochote. Uzi mwembamba wa kusokotwa wanaotumia kushona nyavu unafanya kazi safi, na hapa Nakuru natumia uzi wa fundi viatu, ule mweusi wenye nta. Upinde ukiwa umevalishwa, anza inchi 2 na nusu juu ya mahali noki inakaa, lalisha mwanzo wa uzi juu ya upote, zungusha juu yake mara kumi na mbili ndio ujifunge wenyewe, halafu endelea kuzungusha ukikaza kwa nguvu sawa, kila mzunguko ukigusa mwenzake bila kupanda juu, mpaka inchi 4 hivi chini ya noki. Mwisho unaficha vilevile, mizunguko ya mwisho unaipitisha juu ya ncha ya uzi halafu unavuta ncha itokee, unakata. Mara ya kwanza itakaa vibaya kama bandeji ya mtoto. Toa urudie. Mimi nilirudia mara nne.

Unene wa huo uzi una maana. Weka mshale, geuza upinde mshale uning'inie chini, unafaa kubaki, halafu ugonge upote na kidole mshale udondoke. Usipodondoka uzi ni mnene, utakosea kulia na kushoto bila kujua sababu. Ukidondoka kabla hujagonga, hatari, hiyo ni sawa na kuachilia bila mshale.

Nta. Ukiona upote umekuwa na manywele manywele paka nta ya nyuki, kisha sugua kwa kipande cha ngozi mpaka usikie joto kwa vidole, nta iingie ndani. Mimi nta napata kwa akina mama wanaouza asali barabara ya kwenda Marigat, unaomba masega yaliyokamuliwa, unayeyusha kwa sufuria ya zamani na maji, ikipoa nta inaelea juu kama mafuta ya supu. Usipake nta kwa ule uzi wa katikati, paka nyuzi zilizo wazi. Na uzi mmoja tu wa upote ukikatika, huo upote umestaafu.

Hatua ya 4: kuvalisha na kuweka pengo

Valisha na kamba ya kuvalishia, ile yenye vifuko viwili vya ncha unayokanyaga katikati na kuinua raiza. Ukikosa, fundi viatu anakushonea kwa ngozi na kamba ya nailoni nene (hapo sasa nailoni sawa). Kuvalisha kwa kupitisha mguu katikati ya upinde ndio kunapinda mikono, na siku ikikuponyoka itakupiga meno.

Pengo ni umbali kutoka upote mpaka mahali pa ndani kabisa pa mshiko. Wapigaji wanalipima kwa inchi, na kila urefu wa upinde una eneo lake. Wa inchi 62 wa mbao, kati ya 7 na nusu na 8 na robo. Wa 66, kama 8 na robo mpaka 8 na robo tatu. Wa 68, 8 na nusu mpaka 9. Wa kijana ulikuwa 6 na robo! Hapo ndipo kelele na ile alama ya bluu vilitoka, upote unarudi mbali sana kabla ya kusimama na njiani unakutana na mkono wake.

Kuongeza pengo unatoa kitanzi kimoja, unausokota upote kwenda upande ule ule uliosokotwa, unarudisha. Ukisokota unafupika, pengo linaongezeka. Mizunguko mitano kwa wakati mmoja, pima, andika. Ukifika mizunguko thelathini na zaidi na bado hujafika, upote ni mrefu mno, na ukizidisha unaanza kujikunja kama waya ya simu ya zamani. Na ule uliosukwa kama kamba ya katani usiufungue wote kutafuta urefu, utaachana mkononi.

Halafu tuni kwa sikio. Anzia chini ya eneo, piga mishale sita, ongeza mizunguko mitatu, piga sita, endelea. Kuna mahali upinde unanyamaza. Hutahitaji mtu akuambie, unatoka kwa paa unakuwa tup, na mkono wako hausikii mtetemo. Sisi tulifika 7 na robo tatu pale Njoro kwa shamba, saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, na ng'ombe wa shemeji aliyekuwa akiruka kila risasi akaendelea kula nyasi. Hicho ndicho kipimo changu cha kelele.

Kama mkono umejipinda

Simama nyuma ya upinde ukiwa umevalishwa, uegemeze kwa kiti, funga jicho moja. Upote unafaa kupita katikati ya mikono yote miwili. Ukiangukia upande kwenye ncha moja usishtuke mbio, angalia kwanza kama kitanzi kimekaa vizuri kwa kifereji na kama mkono umekaa sawa kwa raiza, hata kijiti au punje ya mchanga hapo inatosha kuupotosha.

Kama kweli umejipinda, mara nyingi ni joto. Mtu ameacha upinde umevalishwa kwa buti ya gari pale Kisumu mchana, au ameuegemeza kwa ukuta wa mabati. Ukipindishwa na joto unarudishwa na joto. Kitambaa kimelowa maji moto, au ile drai ya saluni, pasha sehemu iliyojipinda mpaka iwe joto la chai ya kunyweka, si zaidi, mkono wako usipovumilia kuishika umepita kiasi na gundi ya ndani inaweza kuachia. Shika, pindisha upande wa pili ukipitisha kidogo tu, kaa hapo mpaka ipoe. Dakika kadhaa. Rudia kesho na kesho kutwa. Unaweza kurudi, unaweza kukataa, wa shemeji ulirudi siku ya tatu na mwingine niliusumbua wiki mbili ukabaki vile.

Hatua ya 5: noki pointi na resti

Noki inahitaji alama kwa upote isikae juu leo chini kesho. Weka skwea ya fundi, au hata kona ya karatasi gumu ya katoni, iguse resti na isimame wima kwa upote. Alama ya kuanzia ni kama nusu inchi juu ya huo mstari, milimita 12 hivi, na noki inakaa chini ya alama. Usibane chuma bado. Funga mafundo ya uzi wa kusafishia meno, kulia kushoto kulia kushoto mara nane, unaweza kuusukuma juu chini mpaka upate mahali pake ndio uweke tone la supaglu. Ukivuta vidole vyote vitatu chini ya mshale utahitaji alama ya juu zaidi, na ingine chini ya noki izuie kuteleza.

Kwa upinde wa kupigia kwenye bega la raiza bandika kipande cha ngozi laini au upande wa manyoya wa velkro, chini na pembeni. Safisha na spiriti kwanza. Ukiwa na planja (thredi zake za kawaida ni 5/16-24, usikubali fundi akulazimishie bolti ya milimita), simama nyuma, linganisha upote na katikati ya mikono, na kwa mtu wa mkono wa kulia kigumba kionekane kimechungulia kushoto ya upote kidogo tu. Springi iache katikati, si ngumu si legevu, na uisahau mpaka hatua ya mwisho. Nimesema uisahau.

Hatua ya 6: mishale, na kilo ya sukari

Mshale ukiachiliwa haunyooki, unajikunja ukizunguka raiza kisha unanyooka njiani. Ukiwa mgumu kuliko upinde unavyoweza kuukunja, kwa mtu wa kulia unaenda kushoto. Ukiwa laini sana unaenda kulia. Ugumu huo unaitwa spaini na namba yake ni kinyume, 500 ni ngumu kuliko 700.

Mishale isiyo na namba unaweza kupima jikoni. Pigilia misumari miwili kwa mbao, umbali wa inchi 28, laza mshale bila manyoya juu yake, ning'iniza uzito wa gramu 880 katikati na upime umeshuka kiasi gani. Mimi nachukua pakiti ya kilo ya sukari, natoa mpaka mzani wa jikoni useme 880 pamoja na kile kindoano, na hiyo iliyobaki inaingia kwa chai. Ukishuka milimita 12.7 ni 500, 15.2 ni 600, 17.8 ni 700. Kwa upinde wa pauni 30 wengi wanaangukia kati ya 600 na 800, lakini hizo pauni zinahesabiwa ukivuta inchi 28. Ukivuta 26 unapoteza kama pauni 2 kwa kila inchi. Usibahatishe, mzani wa kuning'iniza mizigo weka kwa upote, vuta mpaka unapovutanga, soma kilo, zidisha na 2.2.

Mishale ya kaboni ipinde kidogo karibu na sikio kabla ya kila siku ya kupiga. Ikilia kra, vunja kabisa utupe, mtoto asiiokote.

Hatua ya 7: mshale uchi

Hii ndio hakimu. Unahitaji mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya, ya aina moja na vigumba sawa. Lengo liwe laini, mimi nina gunia mbili zimeshonwa pamoja zimejaa matambara ya mitumba yaliyoshindiliwa na miguu, nyuma yake kuna ukingo wa udongo, na nyuma ya ukingo hakuna njia ya watu. Hata upinde wa pauni 30 unarusha mshale zaidi ya mita 100, kwa hivyo si kitu cha kujaribia uani mtaani kama pale Section 58, Nakuru. Na kama ulikuwa unafikiria dikdik, uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, rudi kwa gunia.

Anza mita 10, ukizoea nenda 18. Piga mitano yote kwa alama moja, angalia mishale uchi imeangukia wapi ukilinganisha na yenye manyoya. Manyoya yanaficha makosa, ya uchi inakuambia ukweli.

Juu na chini kwanza. Uchi ikiwa chini ya wenzake, noki pointi iko juu mno, shusha kidogo, milimita moja moja. Uchi ikiwa juu, pandisha. Maliza hilo kabisa.

Halafu kulia na kushoto, na hii ni kwa mtu wa kulia, wa kushoto ageuze. Uchi ikienda kushoto, mshale ni mgumu, weka kigumba kizito zaidi au legeza planja. Ikienda kulia, mshale ni laini, weka kigumba chepesi, kaza planja, au ukate mshale kidogo kidogo, ukikumbuka kwamba kukata hakuna kurudi. Planja ni ya kumalizia tofauti ndogo, kama uchi iko mbali futi nzima shida ni mshale.

Na kama mishale yako yenye manyoya bado imetawanyika kama kuku wametishwa na mwewe, acha kusoma uchi, hiyo ni wewe na si upinde. Mwezi mmoja wa mazoezi ndio utuni.

Ya kijana ilienda kushoto kama shubiri moja na nusu kwa mita 10. Hilo ndilo kosa la tatu. Alikuwa na mishale ya 600, inchi 29, vigumba vya grein 100 (kipimo cha uzito, kama grein 15 ni gramu moja), na yeye anavuta inchi 27. Kabla ya kumwambia anunue kitu nilichukua waya ile mafundi wa redio wanayeyusha kuunganishia, nikapima gramu 5 kwa mzani ule ule wa sukari, nikazungusha nyuma tu ya kigumba na kufunga na tepu. Akapiga mbili. Zikarudi katikati, upana wa kiganja kutoka kwa zingine. Akaagiza vigumba vya 175, na hiyo ndiyo pesa pekee alitumia mbali na nauli. Njiani kwenda stendi akaniuliza kama huu mchezo kuna Mkenya amewahi kufika nao mbali, nikamwambia amtafute Shehzana Anwar, alipiga rikavu Olimpiki ya Rio 2016 na ndiye alibeba bendera yetu siku ya ufunguzi. Hakuniamini mpaka alipotoa simu.

Ukimaliza kupiga toa upote, funga upinde kwa kitambaa, ulaze au uning'inize ndani ya nyumba mbali na mabati na jiko, na vipimo viandike kwa kikaratasi ubandike ndani ya raiza chini ya mshiko, siku ukibadilisha upote utashukuru. Cha kijana kinasema: maandishi CHINI. Pengo 7¾. Tila +3/16. Noki 11 mm. Kigumba 175. Planja hakuna, usitafute.